Kukataa Kupuliza: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kipimo cha Pumzi Barabarani

Askari amekusimamisha. Ameinama dirishani, amenusa, amekutazama machoni, na sasa anakunyooshea kifaa chenye mrija: "Puliza hapa mpaka nikwambie basi." Ndani ya sekunde hizo chache dereva aliyekunywa hukumbuka ushauri wa rafiki anayejua kila kitu: usipulize, wasipopata namba hawana kesi.

Maswali yafuatayo karibu yote yamezaliwa na ushauri huo. Sheria hazifanani kila mahali, kwa hiyo kila mfano umetajwa pamoja na nchi yake. Mingi ni ya Uingereza, Kanada na Marekani, kwa sababu huko jambo hili limebishaniwa mahakamani kwa miongo kadhaa na majibu yake yamenyooka.

Nikikataa kupuliza, si watakosa ushahidi?

Namba wataikosa. Kesi hawaikosi.

Katika nchi nyingi kuna makosa mawili yanayokaa pamoja. La kwanza ni kuendesha ukiwa na kileo mwilini kupita kiwango kilichowekwa, na hili ndilo linalohitaji namba. La pili ni kuendesha huku kilevi kimekupunguzia uwezo wa kulimudu gari, na hili huthibitishwa kwa macho, pua na masikio: gari lilikuwa likiyumba, ulimi ulikuwa mzito, harufu ilijaa garini, ulipoteremka ulishika mlango ili usianguke. Siku hizi mara nyingi kuna na kamera kifuani pa askari au ndani ya gari lake, na hakimu atajionea mwenyewe.

Halafu lipo kosa la tatu, lile ambalo rafiki yako hakulitaja: kukataa kwenyewe. Hili ni jepesi kulithibitisha kuliko yote mawili. Halihitaji mtaalamu wa maabara wala hati ya kuonyesha kwamba mashine ilikuwa sawa. Linahitaji askari aseme, "Nilimwomba kwa mujibu wa sheria, nikamwonya, akakataa." Kwa hiyo dereva aliyekataa ili kuinyima serikali ushahidi wa kosa moja huwa ameipa ushahidi kamili wa kosa lingine.

Inakuwaje kukataa kuwe kosa wakati sijakutwa na chochote?

Kwa sababu waliotunga sheria walikufikiria mapema. Jimbo la New York lilipitisha mwaka 1953 sheria ya kwanza Marekani ya kumnyang'anya leseni dereva anayekataa kupimwa, na mwaka uliofuata Robert Borkenstein wa polisi wa Indiana akaunda mashine ya kupima pumzi iliyoweza kubebwa na kutumiwa na askari wa kawaida. Uingereza ilianza kuwapulizisha madereva Oktoba 1967. Kote huko swali lilikuwa moja: kama kukataa hakumgharimu mtu kitu, nani aliyelewa atakubali? Jibu lilikuwa kukipa kukataa bei yake, na bei hiyo isiwe chini ya ile ya kukutwa na kileo.

Kanada inaonyesha hesabu hiyo waziwazi. Kwa kosa la kwanza, faini ya chini kwa aliyezidi kiwango ni dola 1,000 za Kanada. Akifikia miligramu 120 za kileo katika mililita 100 za damu inakuwa dola 1,500. Akifikia 160, yaani maradufu ya kiwango cha 80, inakuwa dola 2,000. Na aliyekataa kupuliza? Dola 2,000. Sheria inamweka kapu moja na mlevi wa kupindukia, awe amekunywa chupa moja au hakunywa kabisa.

Mbona sikuwahi kusaini popote kwamba nitapimwa?

Huenda ulisaini bila kusoma. Baadhi ya majimbo ya Marekani huliandika jambo hili kwenye fomu ya leseni. Lakini hata bila saini, wazo lenyewe ni kwamba kuendesha gari katika barabara ya umma ni ruhusa yenye masharti, na sharti mojawapo ni kupimwa pale askari anapokuwa na sababu halali. Ukiwasha gari na kuingia barabarani, sheria inakuhesabu kuwa ulikwisha kukubali. Unaweza bado kusema hapana, hakuna atakayekushika taya akupulizishe. Ila unakuwa umevunja sharti, na mwenye ruhusa anaichukua ruhusa yake.

Ndiyo maana katika majimbo ya Marekani adhabu ya kwanza ya kukataa humwangukia dereva kupitia ofisi ya leseni, kabla hata hakimu hajaifungua faili.

Wanasema kuna vipimo viwili. Ni kipi ninachoweza kukikataa?

Hapa ndipo watu wengi wanapoumia, kwa hiyo soma polepole.

Kipimo cha awali ni kile kifaa kidogo cha mkononi, kando ya barabara. Kazi yake ni kumsaidia askari kuamua kama akukamate au akuache uende. Kipimo cha ushahidi ni kile cha mashine kubwa zaidi, kwa kawaida kituoni, baada ya kukamatwa, na namba yake ndiyo inayosomwa mahakamani. Vyote viwili unapuliza, vyote viwili anakuomba askari, na ukiwa na wasiwasi vinafanana kabisa. Kisheria ni vitu viwili mbalimbali.

California ni mfano mzuri wa tofauti hiyo. Dereva mwenye miaka 21 au zaidi, asiyekuwa chini ya uangalizi wa mahakama kwa kosa la ulevi barabarani, anaweza kukataa kifaa cha mkononi kabla ya kukamatwa, na kukataa huko peke yake hakumfungii leseni. Akishakamatwa kihalali, mambo yanabadilika. Akikataa kipimo rasmi, leseni inasimamishwa mwaka mmoja kwa mara ya kwanza. Mara ya pili ndani ya miaka 10 ni miaka miwili, ya tatu ni mitatu. Sasa mchukue mtu aliyesikia kwamba "kile cha barabarani si lazima", akabeba maneno hayo mpaka kituoni na kuyarudia mbele ya mashine kubwa. Alikuwa sahihi saa nne usiku, akakosea saa tano.

Uingereza haina huruma hiyo ya barabarani. Huko kukataa hata kile kidogo bila sababu ya maana ni kosa: faini mpaka pauni 1,000, alama nne kwenye leseni, na hakimu anaweza kukufungia kuendesha. Tena kukataa huko kunampa askari nguvu ya kukukamata pale anapohisi umekunywa, ukapelekwa kituoni kukutana na mashine yenyewe. Ukikataa na hiyo, na wewe ndiye uliyekuwa ukiendesha, adhabu inafika kifungo cha miezi sita, faini isiyo na kikomo, na kufungiwa kuendesha kwa muda usiopungua miezi 12.

Kanada vilevile hukataza kukataa katika hatua zote mbili, na kosa ni lilelile.

Kwa hiyo kabla ya kuchukua ushauri wa mtu yeyote, muulize: unazungumzia kipimo kipi, na nchi gani? Akishindwa kujibu, ushauri wake uache mezani.

Nikishinda mahakamani leseni yangu inarudi?

Si lazima. Marekani njia ni mbili na hazisubiriani. Mahakama inaangalia kama una hatia ya jinai. Ofisi ya leseni inaangalia maswali machache tu: askari alikuwa na sababu ya kukushuku, ulikamatwa kihalali, ulionywa juu ya matokeo, ulikataa? Yakijibiwa ndiyo yote, leseni inakwenda. New York humnyang'anya aliyekataa kwa mara ya kwanza leseni yake kwa muda usiopungua mwaka mmoja, na kumtoza dola 500 juu yake, hata kama baadaye mahakama itasema hana hatia ya kuendesha akiwa amelewa. Watu huona uonevu, kwamba wanaadhibiwa mara mbili kwa jambo moja. Mahakama za huko zimejibu mara nyingi kwamba kufungiwa leseni ni hatua ya kiutawala ya kulinda watumiaji wa barabara.

Jibu hilo halimfariji mtu anayekwenda kazini kwa miguu. Lakini ndilo linalotumika.

Nina siku ngapi za kupinga?

Chache kuliko unavyodhani. California ni siku 10 tangu kukamatwa kuomba kusikilizwa na ofisi ya leseni. Texas, ambako kukataa kwa mara ya kwanza kunasimamisha leseni siku 180, ni siku 15 tangu upewe taarifa. Muda ukipita, leseni inasimama yenyewe bila mtu kukuuliza.

Karatasi ile uliyopewa usiku ule, iliyokunjwakunjwa mfukoni, kwa kawaida ndiyo taarifa yenyewe, na mahali pengine ndiyo leseni yako ya muda pia. Usiitupe.

Nina haki ya kunyamaza. Kupuliza si kujishuhudia mwenyewe?

Hoja hii inasikika vizuri na mawakili wengi wameijaribu. Mwaka 1966 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, katika kesi iliyotoka California, kwamba damu ya mtuhumiwa ni ushahidi wa mwili. Haki ya kutojishuhudia inalinda maneno na mawazo. Mwaka 1983, katika kesi ya South Dakota dhidi ya Neville, ikaenda mbele zaidi: hata habari ya kwamba ulikataa inaweza kuelezwa mahakamani dhidi yako. Mwendesha mashtaka husimama na kuliuliza baraza la mahakama, yaani raia wanaoamua kama una hatia, kwa sauti ya upole kabisa, kwa nini mtu asiyekunywa angeogopa kupuliza.

Georgia ni tofauti. Mwaka 2019 mahakama yake ya juu iliamua kwamba katiba ya jimbo hilo inawalinda watu zaidi ya ile ya taifa, kwa hiyo kukataa kupuliza hakuwezi kutumika kama ushahidi katika kesi ya jinai. Leseni lakini ni habari nyingine. Hiyo bado inaweza kusimamishwa.

Haki ya kunyamaza bado unayo kwa maswali. Umetoka wapi, umekunywa ngapi, ulianza saa ngapi: hayo unaweza kukataa kuyajibu kwa adabu na bado ukapuliza. Watu wengi hufanya kinyume. Wanakataa kupuliza, kisha wanasimulia jioni yao yote.

Naweza kusema sipulizi mpaka wakili wangu afike?

Kando ya barabara, karibu popote, hapana. Kileo kinapungua mwilini kila saa inayopita, na sheria inajua kwamba kumsubiri wakili ni kuusubiri ushahidi uyeyuke.

Kituoni ni mchanganyiko. Kanada, kabla ya kipimo cha ushahidi, lazima upewe nafasi ya kuzungumza na wakili. Uingereza unayo haki ya wakili ukiwa kituoni, lakini mahakama zake zimeshikilia kwamba upimaji hausimamishwi kwa ajili hiyo. Ukisema "mpaka wakili aje" unahesabiwa umekataa, na dhamira yako njema haitakusaidia. Maswali mengi ya aina hii yangeisha kama mtu angetenganisha mambo mawili: kuomba wakili, ambako ni halali daima, na kukifanya kipimo kitegemee wakili, ambako huweza kuwa kosa.

Sikusema "nakataa". Nilisema tu "ngoja kwanza".

Kukataa hakuhitaji neno kukataa. Kukaa kimya baada ya kuulizwa mara tatu, kugeuza uso, kutia ulimi kwenye mrija, kupuliza kama mtu anayepooza chai, kubishana robo saa nzima: vyote vimewahi kuhesabiwa kukataa. Sheria ya Uingereza inazungumzia "kushindwa kutoa" pumzi, na inaeleza wazi kwamba kushindwa ni pamoja na kukataa, hivyo mlango wa kukwepa kwa maneno umefungwa tangu mwanzo.

Na kubadili mawazo? Mahali pengine ukikubali mara moja, askari akiwa bado hapo na mashine iko tayari, unaweza kuokoka. Mahali pengine hapana ya kwanza ndiyo ya mwisho. Ukibadili mawazo, sema upesi na useme wazi, "Nakubali kupimwa sasa," sauti ikasikike kwenye kamera.

Nilijaribu kwa moyo wote lakini mashine haikupokea. Nina pumu.

Huu si ujanja, hutokea. Mashine inataka pumzi ndefu isiyokatika ili ipate hewa ya ndani kabisa ya mapafu, kwa sababu hiyo ndiyo iliyobadilishana kileo na damu. Mwenye pumu kali, aliyeumia mbavu au aliyeshikwa na hofu ya ghafla anaweza kushindwa kweli.

Sheria nyingi zinaruhusu "sababu ya maana". Uingereza, tangu kesi ya Lennard ya mwaka 1973, kipimo cha sababu hiyo ni kikali: uwe hukuweza kimwili au kiakili kutoa sampuli, au kuitoa kungehatarisha afya yako kwa kiasi kikubwa. Kwamba ulikuwa na hasira, kwamba hukuwa unaendesha wewe, kwamba hukuiamini mashine, hayaingii. Hata kulewa mpaka usiweze kupuliza hakutazamwi kwa jicho la huruma.

Cha kufanya ni kusema palepale. "Nina pumu, dawa yangu iko garini, nipimeni damu." Askari akisikia ugonjwa anaweza kugeukia damu au mkojo, na sentensi yako inabaki kwenye kumbukumbu. Pumu inayotajwa kwa mara ya kwanza mbele ya hakimu, miezi mitatu baadaye, bila daktari, huwa na kazi ngumu.

Naweza kuchagua damu badala ya pumzi?

Uingereza anayechagua ni askari. Baadhi ya majimbo ya Marekani, California ikiwamo, humpa dereva aliyekamatwa kuchagua kati ya viwili hivyo inapohusu pombe.

Damu imeleta mabishano makali zaidi kwa sababu inahitaji sindano. Mwaka 2013, kesi ya Missouri dhidi ya McNeely, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa hoja kwamba kule kupungua kwa kileo mwilini ni dharura inayotosha daima kuchukua damu bila hati ya hakimu. Mwaka 2016, kesi ya Birchfield dhidi ya North Dakota, ikagawa mambo: pumzi inaweza kuchukuliwa bila hati baada ya kukamatwa kihalali, kwa kuwa haichomi mwili wala haiachi sampuli ya kuchunguza mengine, damu inahitaji hati, na jimbo haliwezi kumfanya mtu mhalifu kwa kuikataa bila hati. Ndiyo sababu Minnesota inaweza kumshtaki kwa jinai aliyekataa kupuliza.

Watu wakisikia hivyo huona damu ni salama zaidi kuikataa. Lakini hati ya hakimu siku hizi hupatikana kwa simu au kompyuta, usiku wa manane. Ikipatikana, damu inachukuliwa. Unaweza kujikuta umekataa pumzi, umepoteza leseni kwa kukataa, na namba yako imepatikana vilevile.

Ujerumani imekwenda njia nyingine. Kupuliza barabarani ni hiari. Ukikataa hakuna kosa la kukataa. Ila polisi wakiwa na shaka wanaweza kuamuru damu, na tangu mwaka 2017 katika makosa ya namna hii hawamhitaji tena hakimu kwa hilo. Hapana yako inaheshimiwa, kisha anaitwa daktari.

Askari anaweza kunipima bila sababu yoyote?

Inategemea sana. New South Wales nchini Australia imekuwa ikisimamisha na kupima dereva yeyote tangu Desemba 1982. Kanada iliingia kundi hilo tarehe 18 Desemba 2018: askari aliyekusimamisha kihalali na mwenye kifaa mkononi anaweza kudai upulize hata kama hanusi kitu. Uingereza anaweza kukusimamisha wakati wowote, lakini ili akupime lazima ahisi umekunywa, au uwe umefanya kosa la barabarani gari likiwa katika mwendo, au kumetokea ajali. Marekani vizuizi vya kupima ulevi viliruhusiwa kitaifa mwaka 1990, ingawa baadhi ya majimbo yamevikataa kwa sheria zake.

Ile "mwenye kifaa mkononi" ya Kanada si pambo. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya huko ilimfutia hatia mtu aliyekataa kupuliza, katika kesi ya Breault, kwa kuwa askari waliomtaka apulize hawakuwa na kifaa pale. Walikuwa wanasubiri kiletwe. Sheria inasema upulize papo hapo, na papo hapo haiwezekani bila kifaa. Amri haikuwa halali, kwa hiyo kuikataa hakukuwa kosa.

Kesi hiyo imewapa watu tamaa. Lakini angalia ilivyoshinda: mwaka 2017 alisimamishwa, 2023 ndipo akamaliza. Uhalali wa amri hupiganiwa mahakamani, baadaye, na wakili. Pale barabarani huna namna ya kujua askari amekosea nini.

Sikuwa naendesha. Nilikuwa nimelala garini.

Unaweza bado kuombwa pumzi kama gari liko chini ya mamlaka yako, funguo unazo, uko ndani. Uingereza aliyekataa katika hali hiyo hupata adhabu ndogo kidogo: alama 10, kifungo mpaka miezi mitatu. Hoja ya kwamba hukuwa na nia ya kuendesha ipeleke mahakamani, haikuondolei wajibu wa kupuliza.

Sijanywa hata tone. Nikatae kwa msimamo?

Hapa natoa maoni yangu bila kuzunguka: hapana. Kanada na Uingereza mtu mkavu aliyekataa kwa msimamo ana hatia sawa na mlevi aliyekataa, maana kosa ni kukataa. Uingereza anayekataa kutoa sampuli ya ushahidi huingizwa pia katika kundi la madereva hatari zaidi, ambao kufungiwa kukiisha hawarudishiwi leseni mpaka daktari athibitishe kwamba hawana tatizo la ulevi. Fikiria kuthibitisha hilo wakati hunywi.

Kama ulisukutua kinywa kwa dawa yenye kileo au ulimeza dawa ya kikohozi dakika chache zilizopita, sema. Kileo cha kinywani huondoka haraka, na utaratibu mzuri ni kumtazama mtu kama dakika 15 kabla ya kipimo cha ushahidi, asile, asinywe, asitapike, ndipo apulize.

Leseni yangu ni ya nchi nyingine. Watanifanya nini?

Sheria inayokushika ni ya barabara uliyopo. Hawawezi kuifuta leseni ya nchi nyingine, lakini wanaweza kukukataza kuendesha kwao, kukutoza faini na kukufunga.

Kwa mgeni kuna jambo zito kuliko leseni. Tangu Desemba 2018 kifungo cha juu kwa kukataa kupuliza Kanada ni miaka 10, na kiwango hicho kimelisogeza kosa hili katika yale yanayoitwa makubwa katika sheria ya uhamiaji. Hata mkazi wa kudumu anaweza kupoteza haki ya kubaki. Kama huna uraia wa nchi ulipokamatiwa, wakili wa jinai peke yake hatoshi. Asikubali hatia kwa niaba yako kabla hujamuuliza na wa uhamiaji.

Mimi ni dereva wa lori, ila nilikuwa na gari langu dogo siku ya mapumziko.

Haisaidii. Marekani kukataa kupimwa, hata ukiwa na gari la nyumbani, kunakuondolea sifa ya kuendesha magari ya biashara kwa mwaka mmoja. Ukiwa na gari la biashara lililobeba vitu vya hatari ni miaka mitatu. Mara ya pili ni maisha, ingawa yapo mazingira ambamo jimbo linaweza kukurudisha baada ya miaka 10.

Nimeshakataa, ilikuwa jana usiku. Leo nifanye nini?

Toa ile karatasi mfukoni, uitafute tarehe ya mwisho ya kuomba kusikilizwa, na uihesabu kwa kalenda, siku za mapumziko zikiwamo isipokuwa karatasi iseme vingine. Halafu kaa uandike kila unachokumbuka kabla hakijachanganyika na mnachosimuliana nyumbani: saa uliyosimamishwa, sababu uliyopewa, kifaa kilikuwa cha mkononi au cha kituoni, askari alikuonya kwa maneno gani na kwa lugha gani, ulielewa au la, ulijibu nini hasa. Kuonywa ni jambo kubwa. New York, kwa mfano, kukataa hakutumiki dhidi yako mahakamani kama hukuelezwa matokeo yake kwa lugha iliyo wazi. Kama una ugonjwa wa kifua, nenda kwa daktari leo, usingoje kuitwa shaurini.

Kisha mpelekee wakili hayo yote, na jambo la kwanza umwombe aandike barua ya kutaka video ya kamera za askari na za kituo zihifadhiwe. Kumbukumbu hizo hazikai milele, na kama uliomba upimwe damu kwa sababu ya pumu, sauti yako iko humo.